Msomaji wa Pili

Soko la samaki lilikuwa limefurika asubuhi ile. Katikati ya makelele, maji machafu na visu vinavyopanda na kushuka alisimama msichana mmoja mwenye blauzi nyeupe. Nyeupe! Tena imepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukatia mkate. Wauzaji walimtazama kama bibi harusi aliyekosea ukumbi.

"Nataka vichwa vya samaki changu," alisema. "Vikubwa. Vyote ulivyo navyo."

Muuzaji, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, alimsogezea sinia. Msichana akashika kichwa kikubwa kuliko vyote. Mkono mwingine, wenye glavu ya mpira, ukakishika upande wa pili.

"Dada, achia. Hicho kimeshachumbiwa."

"Na nani? Wewe?"

"Mimi. Tangu jana. Muulize mama."

"Msiniingize kwenye uchumba wenu," alisema muuzaji. "Mwenye nguvu avute."

Mwenye glavu alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye mabuti ya mpira mpaka magotini na aproni ya kijani iliyofumuka mfuko. Alikuwa na macho ya kucheka, ingawa mdomo wenyewe haukuwa unacheka.

"Tafuta kichwa kingine, dada. Supu haibagui kichwa."

"Nani kakwambia napika supu?" Msichana alivuta. "Mimi nasomea biolojia ya bahari, shahada ya uzamili. Ndani ya kichwa hiki kuna mawe ya masikio. Yana pete kama shina la mti, ukizihesabu unajua umri wa samaki. Najua hujawahi kusikia, ndiyo maana nakuelewesha taratibu. Sasa achia, kawape paka wako matumbo."

Kijana alikilaza kichwa mezani, akapitisha kisu mara moja nyuma ya macho, kikafunguka kama kopo. Akatoa koleo dogo kwenye ule mfuko uliofumuka, akachomoa mawe mawili meupe, madogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, akamwekea kiganjani.

"La kushoto lina ukingo mwembamba," alisema. "Ukilivunja usije kulia hapa."

Akabeba ndoo yake akaondoka. Msichana alibaki na mawe mkononi na moto usoni, kwa sababu tangu aanze kufanya mazoezi alikuwa ameshavunja mawe kumi na moja, na yote alikuwa ameyalilia.

Saa nane mchana, Profesa alimpeleka kwenye maabara ya umri wa samaki. Profesa huyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akitabasamu bila kufuatiwa na habari mbaya.

"Mawe yako mia nne na kumi na mbili yatasomwa na watu wawili," alimwambia wakitembea. "Wewe wa kwanza, fundi wangu wa pili. Yeye haoni namba zako, wewe huoni zake. Kazi yake ni moja tu: kukuonyesha pale unapokosea. Ana miaka kumi na moja kwenye hadubini. Msikilize."

Fundi aligeuka kwenye kiti chake. Alikuwa ameshavua aproni.

"Karibu, Msomi," alisema. "Paka wangu wanakusalimu."

Jina likamganda hapo hapo. Kufikia Ijumaa hata mlinzi wa getini alikuwa anamwita Msomi.

Na usidhani usomi wenyewe aliuokota. Alianza na fizikia na kemia kwenye shule ambayo maabara yake ilikuwa na hadubini moja isiyo na lenzi. Akasoma shahada ya kwanza miaka minne. Akaosha chupa za maabara mwaka mzima kwa kujitolea, ili tu mtu amwandikie barua ya kumtambulisha. Akajifunza kuogelea akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwenye bwawa moja na watoto wa darasa la pili waliokuwa wanampita huku wakimpa moyo: "Jitahidi, shangazi!" Kisha takwimu, ambazo alizisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza zilimtupa nje. Mbele yake ilibaki tasnifu hii moja. Ikipita, nafasi ya uzamivu ilikuwa inamngoja. Ikikataliwa, kanuni za chuo zilikuwa wazi: hakuna kurudia, unafungasha.

"Uzamivu?" mama yake alikuwa anacheka kwenye simu. "Wewe ambaye beseni la kuogea lilikuwa linakutia hofu? Mwanangu, miaka ya samaki unaijua, na yako nani anaihesabu?"

"Mama, niko kazini."

"Najua uko kazini. Ndiyo shida yenyewe."

Msomi na Fundi walikuwa wanasoma mawe katika chumba kimoja, wamepeana migongo, kila mmoja na hadubini yake na fomu yake. Kila jiwe lilikuwa limekatwa kwa msumeno mwembamba, likasuguliwa kwa msasa mpaka likapitisha mwanga, na ndani yake pete zilikaa moja ndani ya nyingine, nyeusi na nyeupe. Kila Ijumaa saa tisa waligeuza viti, wakasomeana.

"Namba kumi na tano," alisema Msomi.

"Sita."

"Nne! Sita umezitoa wapi? Kwenye ndoo?"

"Kwenye jiwe. Wewe zile za ukingoni huzihesabu. Zimebanana, unaziona mstari mmoja. Samaki akizeeka hakui haraka, pete zinasongamana kama watu kwenye mlango wa benki."

"Nimesoma kuhusu pete za ukingoni. Kuna makala kumi na mbili."

"Mimi nimesoma mawe elfu thelathini."

"Kwa stashahada."

Fundi alilisafisha jicho la hadubini polepole, kama mtu anayefuta kisu.

"Stashahada yangu inaziona sita," alisema. "Tuendelee. Namba kumi na sita."

Wiki ya kwanza walikubaliana asilimia sitini na nane. Ya pili, sabini na moja. Waligombania kila kitu: mwanga wa taa, dirisha lifunguliwe au lifungwe, nani kamaliza mafuta ya kung'arishia mawe. Msomi alimwita kichwa ngumu, Fundi akamwita kitabu chenye miguu. Wafanyakazi wa chumba cha jirani wakaanza kuja kunywa chai yao mlangoni, kwa burudani.

Sasa, watu wawili hawawezi kugombana siku ishirini mfululizo bila kuzoeana harufu. Wiki ya nne Msomi alikuja na gauni la bluu lenye vifungo mgongoni, na Fundi, mtu wa asilimia na ushahidi, akahesabu jiwe moja mara tano.

"Una nini leo?" aliuliza Msomi bila kugeuka.

"Kuna kitu kinanizuia kuona."

"Kitu gani?"

"Vifungo. Viko tisa."

"Nane."

"Kaa vizuri, nihakiki."

Akamrushia kitambaa cha kufutia lenzi. Jioni ile simu ya Msomi ililia kabla hajafika nyumbani.

"Umefika, malkia wa mawe?"

"Bado. Nani kakupa namba yangu?"

"Iko kwenye fomu. Sehemu ya mtafiti mkuu."

"Hayo ni matumizi mabaya ya fomu."

"Nishitaki. Halafu kesho tukanywe chai mahali pasipo na harufu ya samaki."

"Wewe ndiye harufu yenyewe."

"Basi utanizoea, mpenzi. Samahani. Limenitoka."

"Liache," alisema Msomi, akakata simu haraka, akasimama katikati ya njia kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Kuanzia hapo mambo yakawa laini mno. Ningekuwepo ningemwambia, mimi niliyewahi kusifiwa na mtu kwa miezi sita kabla sijajua gharama yake: ukiona njia imelainika ghafla, kanyaga polepole. Lakini sikuwepo. Ijumaa ya wiki ya sita Msomi alisoma, "Saba," na Fundi akajibu, "Saba." "Tatu." "Tatu." "Nane." "Nane, mpenzi." Walikuwa wanamaliza ndani ya nusu saa, kisha wanatoka wameshikana mikono. Asilimia ikapanda mpaka tisini na sita. Msomi aliamini macho yake yameiva. Aliamini pia, kimoyomoyo, kwamba hivi ndivyo watu wanavyopendana: mnatazama kitu kimoja mkaona kitu kimoja.

Akaandika sura zote. Changu wake, alihitimisha, anakua haraka na hazeeki sana, kwa hiyo anaweza kuvuliwa bila hofu. Akaikabidhi tasnifu. Siku tatu baadaye Profesa akamwita, na Profesa alikuwa anatabasamu.

"Kaa. Asilimia tisini na sita."

"Ndiyo, Profesa."

"Mimi nasoma mawe mwaka wa ishirini na sita huu. Nikirudia mawe yangu mwenyewe baada ya mwezi, nakubaliana na mimi mwenyewe asilimia themanini na tisa." Tabasamu likafa. "Mlikuwa mnasomeana namba kabla ya Ijumaa?"

"Hapana! Naapa."

"Usiniapie, mimi si padri wala shehe. Hapa kuna mtu amepika namba, na jina lililo kwenye jalada ni lako. Kesho saa nne naandika barua kwa kamati. Niambie nini cha kuandika."

Msomi alishuka ngazi bila kuzihisi. Fundi alikuwa chumba cha msumeno, ana barakoa na miwani ya vumbi. Akazima mashine alipomwona.

"Mpenzi, mbona—"

"Ulichungulia fomu yangu?"

"Hata siku moja."

"Asilimia tisini na sita, Fundi! Umefanyaje?"

Akavua barakoa na miwani. Vumbi lilikuwa limemchora duara jeupe kuzunguka macho, akawa kama bundi aliyekamatwa mchana.

"Nilishakujua unavyosoma," alisema. "Nikilitazama jiwe, najua wewe utasema ngapi. Unaanzia katikati, unakwenda kulia, ukifika ukingoni unachoka. Nikawa naandika utakachosema."

"Nitakachosema mimi, au ulichokiona wewe?"

Fundi aliipangusa ile miwani kwa kidole.

"Jiwe namba mia mbili na kumi. Uliona ngapi?"

"Tisa."

"Uliandika ngapi?"

"Saba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ungeona saba. Kila Ijumaa ulikuwa unatoka hapa umevimba macho. Ukisikia namba yangu tofauti, unakunja uso kama nimekupiga. Nikachoka kuwa mtu anayekupiga."

"Mia mbili na kumi peke yake?"

"Yapo mengi. Wale wazee, karibu wote."

Msomi alicheka, na hakikuwa kicheko cha kuchekea.

"Sikia. Nina marafiki wa kunisifia. Nina majirani wa kuniita daktari kabla ya wakati. Nchi nzima hii nilikuwa na mtu mmoja tu ambaye kazi yake ni kuniambia nimekosea. Mmoja! Ukajiuzulu bila kuniambia, ukabaki unakula mshahara wa mapenzi."

"Nilikupenda—"

"Ulinidharau! Uliniona mtoto wa kubebwa. Uliniona yule yule wa sokoni na blauzi yake. Usinipigie. Usinisalimie. Tukikutana kwenye ngazi, rudi ulikotoka."

Saa nne kamili asubuhi iliyofuata, Profesa alikuta barua mezani yenye saini ya Fundi, inaeleza kila kitu, mstari kwa mstari, pamoja na orodha ya mawe aliyoyakumbuka. Haikuwa na neno samahani, ila mwishoni iliandikwa: *Mtafiti mkuu hakujua.* Profesa aliisoma mara mbili. Akamwondoa kwenye hadubini siku ile ile, akampeleka stoo ya kuosha chupa, miaka yake kumi na moja ikaning'inizwa msumarini pamoja na koti. Msomi alipewa wiki sita. Mawe yote, upya. Msomaji wa pili, mpya.

Msomaji mpya alikuwa bibi mstaafu wa kituo kingine, aliyekuja na mto wake wa kukalia na ulimi wake.

"Tano," angesema Msomi.

"Tano? Mjukuu wangu, hilo jiwe ni rika langu. Kumi na moja. Rudia."

"Bibi, naona tano."

"Basi kaone daktari wa macho. Huku ukingoni kuna kitu gani, uzi wa nguo?"

Msomi alirudi ukingoni. Akapunguza mwanga. Akashika pumzi. Pale alipokuwa anaona mstari mmoja, polepole kama mtu anayezoea giza, akaona miwili. Kisha mitatu. Alilitafuta jiwe namba mia mbili na kumi, akaliweka chini ya lenzi peke yake, wakati bibi ameenda kunywa maji. Akahesabu kuanzia katikati. Tisa. Akahesabu kutoka nje kuja ndani. Tisa.

Alipiga meza kwa kiganja mpaka chupa zikaruka. Kumbe mtu alikuwa ameijua kweli yake yote, ameikalia, huku anamchekea! Angekuwa amekosea kama yeye, angemsamehe siku ile ile.

Simu ya Fundi ilikuwa inaita kila siku saa kumi na moja jioni. Wiki ya tano akaipokea.

"Unataka nini?"

"Nilidhani hutapokea. Sikuandaa la kusema."

"Basi kata."

"Umelirudia mia mbili na kumi?"

"Nimelirudia."

"Ngapi?" aliuliza Fundi.

"Unajua ngapi! Na samaki wangu hawakui haraka, na hawafi mapema. Wanazeeka. Ningewaambia watu wavue tu, wakati wale wazazi wenyewe wamechukua miaka tisa kufika hapo. Sura nzima nimeichana. Unafurahi?"

"Nafurahi umeziona."

"Usinifurahie. Sikuhitaji furaha yako." Alivuta pumzi. "Alhamisi nasimama mbele ya kamati. Jumatano saa tisa njoo chumba cha semina."

"Nije kukupa moyo?"

"Ukinipa moyo nakufukuza. Njoo unishambulie. Kama nilivyokuita kichwa ngumu, njoo na kichwa hicho hicho."

Jumatano alikuja na mikono iliyochubuka kwa sabuni ya chupa. Hakusalimia. Alikaa kiti cha nyuma, akaifungua tasnifu, na kwa saa nzima hakumwonea huruma hata ya kupitiwa. Kwa nini sampuli nyingi ni za msimu mmoja? Mchoro wa tatu unasema nini ambacho wa pili haujasema? Kwa nini usomaji ule wa kwanza ulitupwa, na nani anahakikisha huu wa sasa si hadithi ile ile?

"Hilo la mwisho umeuliza makusudi," alisema Msomi.

"Kamati nao watauliza makusudi. Jibu."

"Kwa sababu msomaji wa pili wa mwanzo aliandika mawazo yangu badala ya macho yake."

"Taja vizuri. Nani?"

"Wewe! Wewe, mjinga wewe, na nikaharibikiwa, na nikalala njaa ya mtu wa kubishana naye wiki tano nzima!"

Neno likadondoka mezani, wote wawili wakalitazama.

"Hiyo ya mwisho usiiseme kesho," alisema Fundi. "Haina ushahidi."

"Toka."

"Natoka. Na ukurasa wa arobaini jumla yako haijumliki."

Msomi aliukagua ukurasa wa arobaini kwa hasira, akitaka kumkuta amekosea. Jumla haikujumlika.

Alhamisi kamati ilimkalisha saa mbili na robo. Mtahini wa nje, mzee mwenye tai ya rangi ya dawa ya kikohozi, alimuuliza swali lile lile la wasomaji, kwa ukali ule ule, naye akalijibu bila kupepesa. Profesa alisoma uamuzi kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kukatiwa maji: amepita, kwa marekebisho, nafasi ya uzamivu ni yake, na fundi wa hadubini arudishwe kwenye kiti chake, ila mawe ya mwanafunzi huyu asiyaguse tena milele.

Fundi alikuwa amesimama chini ya ngazi, na safari hii Msomi alipotokea hakurudi alikotoka.

"Marekebisho mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Machache. Nilitegemea ishirini."

"Ungekuwa na adabu ungeanza na hongera."

"Hongera. Utangulizi bado mrefu."

Msomi alikuwa amekumbatia faili kifuani. Alikuwa amejiandalia maneno, akayapanga kwa mfuatano mzuri wa kitaaluma, sasa yakatoka yote kwa mkupuo.

"Sijakusamehe vizuri. Labda robo tatu. Lakini nikiwa na jambo la kweli la kusema, nakuona wewe ukinikunjia uso, na sitaki uso mwingine. Naanza uzamivu mwezi ujao. Miaka mitatu. Nikimaliza, tuoane."

Fundi aliinamisha kichwa, akahesabu kwa vidole.

"Si mitatu."

"Nini?"

"Mwaka wa kwanza masomo na cheti cha kuzamia, na kwa unavyoogelea, cheti peke yake ni mwaka. Miwili baharini kukusanya. Halafu kuandika, na wewe ukurasa mmoja unaufuta mara sita. Mitano."

"Minne!"

"Mitano, Msomi. Naiona wazi."

Msomi alimchunguza usoni, akitafuta ule ulaini uliokaribia kumpoteza. Haukuwepo. Kulikuwa na mtu mkaidi tu, mwenye mikono iliyochubuka, ambaye hangepunguza hata mwaka mmoja.

"Mitano basi," alisema kwa shida. "Utangoja?"

"Hapo napo umekosea. Nani kasema tungoje? Tunaoana kwanza, uzamivu utatukuta ndani."

Msomi alifungua mdomo ili abishe. Akatafuta hoja. Akatafuta tena, kuanzia katikati mpaka ukingoni. Halafu akamkabidhi faili amshikie, akatoa simu ampigie mama yake.